Pozitroni kwenye aloi: namba zikikataa, anzia wapi

Ujumbe huja kwa sura moja, uwe umetoka kwa mwanafunzi wa uzamili au kwa fundi wa maabara: "Mwalimu, aluminiamu yangu imetoa 190. Nimepata kasoro!" Namba hiyo ni uhai, yaani muda ambao pozitroni huishi ndani ya metali kabla ya kuangamia, kwa pikosekunde (sehemu moja ya trilioni ya sekunde); ukizidi ule wa metali safi, mtu hudhani kuna mahali palipokosa atomu. Mara nyingi hajapata kasoro yoyote. Alichopata ni karatasi ya chanzo chake mwenyewe, au mikwaruzo ya msasa, au matokeo ya stima iliyopotea saa nane usiku. Mwongozo huu nimeupanga kwa dalili, kwa maneno ambayo watu huzieleza. Chini ya kila dalili, kisababishi cha kwanza ndicho kinachotokea mara nyingi zaidi.

Tunapima nini hasa? Sodiamu-22, ambayo ndiyo chanzo chetu cha mionzi, hutoa pozitroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) na, karibu papo hapo, mwale wa gama wa 1275 keV (keV ni kipimo cha nishati). Huo ndio unaoanzisha saa. Pozitroni ikiingia ndani ya metali hupunguza mwendo ndani ya pikosekunde chache, hutangatanga kati ya atomu, kisha hukutana na elektroni na zote mbili huangamia, zikitoa miale miwili ya 511 keV. Mmoja wa hiyo ndio unaosimamisha saa. Mahali palipokosa atomu pana elektroni chache, kwa hiyo pozitroni iliyonaswa hapo huishi zaidi kidogo. Kwenye aluminiamu isiyo na kasoro uhai ni takriban pikosekunde 164. Kwenye pengo la atomu moja ni kama 245. Kwenye chuma na shaba, metali safi hukaribia 110 na pengo hukaribia 180. Tofauti zote tunazozitafuta zimo ndani ya sehemu ndogo ya nanosekunde, na ndiyo maana vitu vidogo huharibu kazi kubwa.

Sharti langu ni moja: uwe na jozi ya rejea, yaani vipande viwili vya kulinganishia ambavyo chanzo hubanwa katikati yake. Vipande viwili vya aluminiamu ya usafi wa asilimia 99.99 au zaidi, vilivyopashwa moto kwenye tanuru karibu nyuzi 500 kwa saa mbili hivi, vikaachwa vipoe humo humo polepole. Kila dalili iliyo hapa chini, kabla ya kuilaumu aloi, weka jozi hiyo upime. Ikitoa uhai wake wa kawaida, mashine ni nzima na swali linarudi kwenye sampuli. Isipotoa, acha sampuli kando kabisa.

Jambo jingine ni la usalama. Chanzo chetu ni chumvi ya sodiamu-22 iliyokaushwa kati ya karatasi mbili nyembamba za Kapton (aina ya plastiki), mara nyingi za unene wa mikromita 7.5 tu. Kibanio chenye ncha kali kinaichana bila wewe kusikia. Ukiona mkunjo, mpasuko au unga mweupe pembeni, simama hapo hapo. Usiifute, usiipulize, usiiweke gundi. Funika, zuia watu kuingia, pima mikono na viatu kabla ya kutoka, kisha mwite afisa wa usalama wa mionzi wa taasisi yako. Kutoa taarifa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, KNRA, ni juu ya mwenye leseni. Si kazi ya mwanafunzi kuamua kama jambo "ni dogo".

"Hesabu hazipandi"

Anza na stima. Umeme ukipotea na kurudi, vifaa vingi vya volteji ya juu havijiwashi vyenyewe. Hubaki kwenye sifuri vikingoja mtu, huku taa za rafu nyingine zikiwaka na kompyuta ikiwa imeamka kana kwamba hakuna kilichotokea. Angalia mita za vigunduzi vyote viwili. Tukio huandikwa pale tu vigunduzi vyote vinapoona mwale wake, kwa hiyo kimoja kikilala, hakuna kinachoandikwa. Pandisha volteji polepole, hatua kwa hatua.

Volteji ikiwa sawa, hesabu mipigo ya kila kigunduzi peke yake. Kimoja kikiwa kimya, badilishana kebo kati ya viwili hivyo: ukimya ukihamia upande wa pili, tatizo ni kebo au kiungio chake. Vikisikika vyote lakini matukio ya pamoja hayapo, fungua mipangilio ya dirisha la nishati, yaani mipaka ya nishati ambayo kila kigunduzi kinaruhusiwa kuikubali. Hapa wageni hupotea kwa sababu wanatafuta kilele cha 511 kwenye sintileta ya plastiki (sehemu ya kigunduzi inayotoa mwanga ikigongwa na mwale), na kilele hicho hakipo. Plastiki huonyesha ukingo wa Compton tu, yaani kikomo cha nishati ambayo mwale huiacha ukidunda kwenye elektroni: karibu 341 keV kwa mwale wa 511, na karibu 1062 keV kwa ule wa 1275. Dirisha la kuanzisha saa likae juu ya ukingo wa kwanza na chini kidogo ya wa pili; la kusimamisha likae chini ya 341. Mtu akiliweka "kwenye 511" ameliweka mahali pasipo na kitu cha maana.

Baada ya hapo tazama kebo ya kuchelewesha ishara. Mtu akiikopa kwa kazi nyingine, kigeuza-muda (kifaa kinachopima muda kati ya ishara mbili) hupokea ishara ya kusimama kabla ya ile ya kuanza, nayo huitupa.

Hesabu zilizoshuka taratibu kwa miezi na si kwa usiku mmoja zina maelezo mepesi. Sodiamu-22 hupungua nusu kila miaka 2.6, basi chanzo cha miaka minane kimebaki na takriban moja ya nane ya nguvu yake ya mwanzo. Hakuna skrubu ya kukaza hapo.

Wakati wa kuacha: kama fotomaltiplaya (bomba linalogeuza mwanga wa sintileta kuwa mpigo wa umeme) inachechea, inanuka, au hesabu zinaruka ovyo unapogusa kifuniko, zima. Usifungue kamwe utepe mweusi unaoziba mwanga wakati volteji ipo, kwa kuwa mwanga wa chumba unaweza kuimaliza fotomaltiplaya mara moja, na ndani ya msingi wake mna volti 2000 na zaidi. Duka la Luthuli Avenue jijini Nairobi litakuuzia kapasita nzuri tu, lakini kazi ya kufungua msingi huo mpe fundi aliyezoea volteji ya juu ya vigunduzi.

"Hata aluminiamu safi inatoa uhai mrefu"

Hii ndiyo dalili kuu, na hapa ndipo matokeo mengi ya uongo huzaliwa.

Kisababishi cha kwanza ni chanzo chenyewe kutoondolewa kwenye hesabu. Pozitroni nyingine hazifiki kwenye sampuli. Huangamia ndani ya Kapton, ambamo huishi karibu pikosekunde 382. Fanya hesabu hii kwa mkono: asilimia 10 ya pozitroni zikifia kwenye Kapton na 90 kwenye aluminiamu safi, wastani unakuwa 0.9 mara 164 jumlisha 0.1 mara 382, yaani karibu 186. Ndiyo ile "190" iliyoleta shangwe. Sehemu ya chanzo huwa kati ya asilimia chache na 15 hivi, kulingana na unene wa karatasi na kiasi cha chumvi. Ipime kwa jozi ya rejea na kuifunga kwenye programu kabla ya kugusa aloi.

Kuna mtego ndani ya mtego huo. Metali yenye atomu nzito huzirudisha pozitroni nyingi zaidi nyuma, nazo hupita tena kwenye karatasi. Kwa hiyo sehemu ya chanzo uliyoipata kwa aluminiamu haiwezi kutumika vivyo hivyo kwa shaba, sembuse tangsteni. Rejea iwe ya metali inayokaribiana na aloi yako: chuma safi kwa feleji, shaba safi kwa shaba nyeupe na nyekundu. Watu huona uvivu kuandaa rejea ya pili, halafu hutumia wiki kadhaa kueleza kasoro za uongo.

Kisababishi cha pili ni uso wa sampuli. Pozitroni za sodiamu-22 hazifiki mbali. Kwenye aluminiamu kina chake cha wastani ni karibu mikromita 100, na kwenye chuma ni kama 30 tu. Tabaka lililoharibiwa na grinda au msasa mkali linaweza kuwa sehemu kubwa ya eneo hilo. Sampuli iliyokatwa kwa grinda kwenye karakana za Kariobangi, Nairobi, imepata joto na imekandamizwa kwa pamoja, na pozitroni zitasoma habari za grinda. Kata kwa msumeno wa mwendo wa pole wenye maji, shuka na msasa kutoka mkali hadi laini, kisha ondoa tabaka la juu kwa kemikali. Kwa aluminiamu, mmumunyo wa magadi makali (hidroksidi ya sodiamu) hufanya kazi vizuri, ila hutoa hidrojeni: dirisha wazi, miwani machoni, moto mbali. Kama maelekezo uliyoyapata yanataja asidi hidrofloriki, usiiguse bila mtu aliyefunzwa na dawa yake ya dharura ikiwa mezani. Inapenya ngozi na maumivu huweza kuchelewa, na kufikia hapo madhara yameshaingia.

Tatu, sampuli ni nyembamba mno na pozitroni zinatokea upande wa pili. Milimita moja ya aluminiamu inatosha kabisa, na kwa chuma nusu milimita. Kwa bati lililokunjwa la mabati, panga matabaka.

Nne, ukiona sehemu ndogo inayoishi zaidi ya nanosekunde moja, usiipe jina la "utupu mkubwa". Metali haina kawaida hiyo. Ni hewa iliyobaki kati ya sampuli na chanzo, au mafuta ya vidole, au gundi. Safisha kwa asetoni, bana upya, pima tena. Sehemu hiyo ikibadilika kwa kubana tu, unajua haikutoka kwenye aloi.

"Kilele kimepanuka, au vimekuwa viwili"

Hapa kilele ni kile cha spektra, yaani chati ya idadi ya matukio kwa kila muda. Vilele viwili ni kitu kimoja karibu kila mara: kipimo kimevuka tukio fulani, mfano stima imepotea na kurudi, au mtu amegusa kebo. Kwenye kebo ya kawaida ishara husafiri karibu sentimita 20 kwa nanosekunde, basi kila sentimita iliyoongezwa ni pikosekunde 50. Kusogea huko peke yake hakubadilishi uhai. Kinachoharibu ni kusogea katikati ya kipimo.

Kilele kilichopanuka bila kugawanyika kwa kawaida ni joto la chumba. Julai ya Nairobi asubuhi ni ya makoti na alasiri ni ya mikono mifupi, na chumba kisicho na kiyoyozi hufuata. Vifaa vya saa huyumba pamoja na joto, polepole, na spektra iliyokusanywa kwa muda wa saa kumi na mbili hukusanya mayumbo yote katika rundo moja. Dawa haihitaji fedha: usikusanye spektra moja ndefu. Hifadhi kila saa moja peke yake, tazama kituo cha kilele kinavyotembea, zilinganishe, kisha zijumlishe. Ile iliyotoka mstarini utaiona na kuitupa bila kupoteza usiku mzima. Mimi naona hii ndiyo tabia moja inayotenganisha maabara zinazotoa namba za kuaminika na zile zisizotoa, hata kuliko bei ya vifaa.

Joto likiwa tulivu na upana bado mbaya, pima kwa kobalti-60, ambayo miale yake miwili hutoka karibu kwa pamoja. Vigunduzi vya plastiki au bariamu floridi vilivyo vizima hutoa upana wa pikosekunde 180 hadi 250 hivi kwenye nusu ya kimo. Zaidi ya 300, tazama mafuta ya kuunganisha sintileta na fotomaltiplaya (hukauka na kuacha mapovu), kisha kizingiti cha muda, kisha volteji. Kazi ya mafuta hufanyika volteji ikiwa sifuri na mahali penye giza.

Kilele kilichopinda upande mmoja ni jambo jingine. Vigunduzi vikitazamana uso kwa uso, mwale wa 511 hugonga kimoja na kudunda hadi cha pili, au miale ya 511 na 1275 huingia pamoja kwenye kigunduzi kimoja. Vipange kwa pembe ya nyuzi 90, au sogeza chanzo kidogo kutoka kwenye mstari wao. Utapoteza hesabu kiasi na kupata spektra safi.

"Sakafu ya spektra iko juu"

Chanzo kina nguvu mno, au kiko karibu mno. Matukio ya kweli huongezeka sambamba na nguvu ya chanzo, lakini yale ya bahati mbaya (miale isiyohusiana iliyoonekana pamoja, ambayo ndiyo sakafu) huongezeka kwa mraba wake. Ukiongeza chanzo mara mbili, sakafu hupanda mara nne. Kwa kazi ya kawaida, megabekereli 0.4 hadi 1 inatosha. Kama vigunduzi vyako vina lutetiamu, sehemu ya sakafu ni mionzi ya fuwele yenyewe; haitaondoka.

"Programu inanipa jibu tofauti kila nikiiendesha"

Hesabu ni chache. Chini ya milioni moja kwenye spektra, usitenganishe chochote. Toa uhai wa wastani tu na utosheke. Kwa sehemu mbili (makundi mawili ya pozitroni, kila moja na uhai wake) zilizokaribiana, kama 164 na 245 chini ya kilele cha upana wa 230, unahitaji milioni kadhaa.

Hesabu zikitosha, basi umeomba sehemu nyingi mno. PALSfit au LT, programu za kuchambua spektra, itakupa sehemu tatu, nne, hata tano ukitaka; programu haikatai. Ukubwa wa sehemu ukitoka hasi, au kosa lake likiwa kubwa kuliko lenyewe, rudi nyuma sehemu moja. Kai-mraba (kipimo cha jinsi mfano unavyolingana na data) ikiwa karibu na 1 si ruhusa ya kuamini, ikiwa 1.5 ni amri ya kutoamini.

Kuna jaribio ambalo wengi hulisahau. Kama kuna aina moja tu ya mtego (kasoro inayonasa pozitroni), sehemu fupi lazima iwe fupi kuliko uhai wa metali safi, kwa sababu mitego inanyakua pozitroni kutoka humo. Chukua mfano: sehemu ya kwanza 110 yenye asilimia 40, ya pili 245 yenye 60. Gawanya kila asilimia kwa uhai wake, jumlisha, kisha pindua: 0.4/110 jumlisha 0.6/245 hukupa takriban 164. Imerudi kwenye aluminiamu safi, mfano wako una mantiki. Ikirudi 140 au 190, basi kuna mtego wa pili, au chanzo hakijaondolewa vizuri, na hakuna kubonyeza kutakakoliponya hilo.

Mitego ikiwa mingi sana, pozitroni zote hunaswa na sehemu fupi hupotea. Hapo uhai unakuambia aina ya kasoro, lakini wingi wake huwezi tena kuusema. Mwenye feleji iliyonyundwa baridi akitaka "idadi ya mapengo", mjibu kwamba kipimo kimeshiba.

"Aloi ni ileile, namba ya leo si ya juzi"

Mashine ikiwa imethibitishwa kwa jozi ya rejea, furahi: huenda aloi inabadilika kweli. Alfred Wilm aliliona mwaka 1906 huko Ujerumani, aloi yake ya aluminiamu na shaba iliyozimishwa ndani ya maji ikazidi kuwa ngumu ikiwa imekaa tu mezani. Mapengo yaliyonaswa na kupozwa kwa ghafla hutembea kwenye joto la kawaida na kukusanya atomu za shaba, magnesi au silikoni. Kwenye aloi za mfululizo wa 6000 (aluminiamu yenye magnesi na silikoni) mabadiliko huanza ndani ya dakika, na uhai si lazima uelekee upande mmoja.

Kwa hiyo andika saa ya kuzimisha, si tarehe tu. Sampuli ikisubiri, ikae kwenye friza, au kwenye nitrojeni kioevu kama ipo. Gawa kipimo kwa vipande vifupi. Na uliza aloi imetoka wapi: kipande kilichoyeyushwa kutoka kwa pistoni chakavu kina silikoni nyingi na mchanganyiko usiojulikana. Kipeleke kwanza kipimwe kemikali, la sivyo utalinganisha vitu viwili vyenye jina moja.

"Darubini inaonyesha matundu, pozitroni hazioni kitu"

Ni sawa kabisa. Matundu ya gesi kwenye sufuria ya kumimina ni ya mikromita kadhaa na yametawanyika. Pozitroni nyingi huangamia kabla ya kulifikia lolote. Njia hii huona pengo la atomu moja hata likiwa moja kati ya atomu milioni, lakini si tundu unaloliona kwa jicho. Kwa matundu tumia darubini au mizani na maji.

"Namba za S zinapanda taratibu bila sababu"

Hii ni ya wenye kigunduzi cha jemaniamu wanaopima upana wa mstari wa 511; S ni sehemu ya hesabu zilizo katikati ya mstari huo. Sababu ya kawaida ni kilele kutembea kwa chaneli moja au mbili huku mipaka ya S ikiwa imesimama. Iweke mipaka ifuate kituo cha kilele. Kisha punguza kasi ya hesabu, kwa kuwa mipigo inayopandana hupanua mstari. Upana wa kawaida wa kigunduzi kizima kwenye nishati hii ni karibu 1.2 hadi 1.4 keV.

Baada ya hapo tazama mtungi wa nitrojeni. Ukiisha na fuwele ikapata joto nusu, usiimwagie nitrojeni haraka kuiokoa. Zima volteji, iache ipate joto la chumba kabisa, ndipo upoze upya kwa muda ambao mtengenezaji ameuandika. Nitrojeni yenyewe isafirishwe na mtu anayeijua: lita moja ikiyeyuka huwa karibu lita 700 za gesi, na ndani ya gari lililofungwa madirisha au lifti inasukuma hewa nje bila harufu. Barafu ikiota kwenye shingo au kifuniko cha kigunduzi, utupu umevuja. Zima volteji na mpigie mtengenezaji, usijaribu kukaza boliti yoyote.